Faini ya Kitenge

Kasese nzima ilijua Sulaiti kalala wapi kwa kumtazama mkewe amevaa nini. Mayimuna akitokea bombani na kitenge kipya, wanawake wa foleni ya maji walikonyezana, na Saudah, jirani yake ambaye Mungu alimuumba akasahau kumtilia breki za mdomo, alisema kwa sauti ya kusikika hadi stesheni ya reli: "Ee, Mama Muhamood, leo umependeza. Jana gari ililala Bwera, siyo?" Mayimuna alicheka nao. Angefanya nini? Alicheka, akajaza ndoo, akaenda zake, na njia nzima alikuwa anasaga meno.

Ngoja nieleze faini ile ilivyoanza, maana wengi wanaisimulia na wengi wanaisimulia vibaya.

Sulaiti alikuwa na lori lake mwenyewe, Bedford ya kijani iliyokohoa kila mlima. Alipakia chumvi na samaki wakavu Katwe, akavipeleka soko la Bwera karibu na mpaka wa Kongo, akarudi na maharage na mihogo mikavu. Ilikuwa miaka ya sabini, sukari imeshaadimika na sabuni inauzwa kwa kipande. Alimwoa Mayimuna mwaka wa pili baada ya uhuru, wakazaa Muhamood na wadogo zake, na katika muda wote huo Mayimuna alikuwa mke peke yake. Wenzake wengi waliletewa wake wenza, wakalia, wakazoea. Yeye alishasema hadharani, mbele ya Saudah na mbele ya mashahidi wa ndoa, kwamba njaa ataivumilia, maradhi atayavumilia, lakini mume wake hatamgawana na mtu.

Basi mara ya kwanza Sulaiti alipolala Bwera, alisema Mto Nyamugasani umefurika. Mara ya pili, tembo walikaa barabarani Kikorongo wakakataa kuondoka. Mara ya tatu mto ulifurika tena, na ilikuwa kiangazi. Mayimuna hakubishana. Alifunga nguo zake, akapanda gari mpaka Muhokya kwa Haji Semakula, mdogo wake marehemu baba yake, mtu wa bucha, aliyezoea kuamua kesi za ndoa huku anakata nyama.

Sulaiti aliitwa. Alikaa kwenye benchi, nzi wakimzunguka, akakiri. Ndiyo, kuna mwanamke. Mkongo, anauza sokoni. Jina hakulitaja, na Mayimuna hakutaka kulisikia.

"Mwanaume ukimhubiria," Haji Semakula alimwambia Mayimuna, kana kwamba Sulaiti hayupo, "atasema amina, halafu atarudi kule kule. Dawa ni kumgusa panapouma. Na huyu tunajua panapouma."

Ni kweli tulijua. Sulaiti alikuwa mkono wa birika. Mtu wa kuchovya mkate mkavu kwenye chai ya jana. Kwa hiyo Haji akakata shauri: kila akilala Bwera bila sababu anayoweza kuiapia, atamletea mkewe kitenge kizima, cha Kongo, kile kizito chenye kung'aa. "Viwili, vitatu, utaona," alisema. "Ataanza kulala kwake." Hakuna hata mmoja pale aliyekumbuka kwamba kitenge cha Kongo chenyewe kilikuwa magendo, na kwamba wanajeshi walikuwa wameshaanza kuwachapa watu kwa sababu hiyo hiyo. Haji aliinua kisu, akaendelea na mbavu za ng'ombe.

Kitenge cha kwanza Sulaiti alikileta amenuna kama mtu aliyeng'olewa jino. Alikitupa kitandani. Mayimuna alikipapasa, akakinusa, akasikia raha ya ajabu. Umeumia, eh? alisema moyoni. Vizuri. Alikivaa kwenye harusi moja mtaani, watu wote wakamtazama.

Cha pili kilipokuja, Sulaiti bado alinuna, ila kidogo. Cha tatu alikitoa mfukoni huku anauliza kuna nini cha kula. Kilichofuata alikileta anapiga mluzi. Na vikaendelea kuja hivyo, cha ndege, cha maua, cha macho makubwa, mpaka sanduku la bati chini ya kitanda likawa halifungiki bila kukaliwa. Mayimuna alirudi Muhokya kushtaki. Haji akasema basi faini iwe vitenge viwili. Sulaiti akaleta viwili, akalala Bwera siku mbili.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kumla Mayimuna vizuri. Mwanzoni alikuwa na hasira, na hasira unaweza kuitoa kwa kugombeza watoto na kugonga masufuria. Wivu hauna pa kutokea. Alikuwa akipika, anajiuliza yule anampikia nini. Alikuwa akimfulia Sulaiti shati, anatafuta kwenye kola kitu ambacho hakutaka kukiona. Akimsikia anacheka na watu barazani, alitaka kujua kama kicheko kile ndicho anachocheka kule, au kule ana kingine kizuri zaidi.

Halafu ikaja asubuhi moja, Sulaiti anakunywa chai. Alinyoosha mkono chini ya kiti, akatoa kitenge kilichokunjwa vizuri, cha manjano chenye majani ya kijani, akakiweka mezani.

"Hiki cha nini?" Mayimuna akauliza. "Ulilala hapa jana."

"Cha Ijumaa," alisema Sulaiti. "Ijumaa nitalala Bwera. Nimeona nilipe mapema, usije ukasumbuka kwenda kwa Haji."

Alisema bila kebehi hata chembe. Hilo ndilo lililomkata Mayimuna maini. Mume wake alikuwa ameketi pale na dhamiri nyeupe, kama mtu aliyekwisha lipa ushuru wa soko na sasa anapanga bidhaa zake. Alimaliza chai, akafuta mdomo, akamshukuru kwa chapati.

Ijumaa ni siku ya soko Bwera. Sulaiti aliondoka alfajiri kwenda Katwe kupakia chumvi, na Mayimuna alijua kwamba hawezi kufika Bwera kabla ya alasiri. Akamwambia Saudah anakwenda kumtazama mgonjwa Kinyamaseke. Akavaa kitenge kile cha manjano, akajifunga kilemba chake, akapaka wanja, akapanda lori la Abdu, dereva mwenzake Sulaiti, mtu asiyeuliza maswali. Alitaka amwone. Zaidi ya hapo alitaka yule mwanamke amwone yeye, amwone alivyopendeza na alivyotunzwa, ajue anacheza na mali ya nani.

Soko lilikuwa limejaa. Wanawake wa Mahango walikuwa wameteremka milimani na vikapu vya vitunguu, na Wakongo walikuwa na safu yao upande wa mtoni, vibanda vya nyasi, mawese kwenye madumu, mihogo mikavu kwenye magunia. Vitenge havikuonekana. Siku hizo vitenge vilikaa chini ya vitu vingine. Mayimuna alipita polepole, anawakagua mmoja mmoja. Yule mrefu mwenye shingo nzuri, labda ni yeye. Au yule kijana mwenye mwanya. Kila aliyekuwa mzuri alimchoma moyo, akapita, akachomwa na mwingine.

"Mama Muhamood."

Aligeuka. Aliyemwita alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye uso wa kawaida kabisa na rozari shingoni. Mkubwa wake kwa miaka kadhaa. Mikono imepasuka kwa kazi. Alikuwa anatabasamu, ameshaanza kupangusa kigoda kwa pindo la nguo yake.

"Ni weye," alisema. "Nimekujua kwa kitenge. Sulaiti alitaka kukubebea ya bluu, nikamwambia hapana, bibi yako iko mweupe, mubebee hii ya majani. Ikala, mama. Siku mingi nilitaka kukuona. Miye ni Wivine."

Mayimuna aliketi.

"Wewe ndiye unayeuza hivi vitenge?"

"Byote. Kila yenye iko kwako, nilikuchagulia na mikono yangu." Wivine alimmiminia chai kutoka kwenye birika. "Sulaiti alinielezea. Alisema bibi mukubwa alikubali, kila akilala huku, kitenge moja. Nikasema, huyu mwanamuke iko na roho. Bengine bangekuya hapa na fimbo. Kwetu Butembo mwanaume akitaka bibi ya pili, anamupa wa kwanza kitu, asisikie mubaya. Basi nikajua beko batu ba heshima."

Bibi mkubwa. Mayimuna alilisikia neno lile likizama. Bibi mkubwa anakuwepo pale tu palipo na bibi mdogo. Vitenge vyote vile, vilivyokuwa adhabu, huku vilihesabiwa kuwa ruhusa. Alikuwa amekivaa kibali chake mwenyewe mwilini, amekipitisha mtaani, amekipeleka harusini. Na pesa ya faini yenyewe, kila ilipolipwa, ilipelekwa na Sulaiti kwa mkono wake kwenye kibanda hiki. Haji Semakula angetaka kumtafutia Sulaiti sababu ya kuja hapa kila wiki, asingepata nzuri kuliko hiyo.

Alitaka kusema kitu kikali. Akainua macho atafute pa kuanzia, na hapo akaliona koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa kibanda, koti la kaki la Sulaiti, lile lililochanika kiwiko. Nyumbani Mayimuna alimwomba mara ngapi amwachie alishone, Sulaiti akakataa, akasema halina haja. Sasa kiwiko kilikuwa na kiraka. Cha manjano, majani ya kijani, kwa mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka. Wivine alikuwa amekata kipande kwenye kitenge cha Mayimuna kabla ya kumpa Sulaiti akipeleke.

Sikiliza, vitu vikubwa mtu hupambana navyo. Kiraka kile ndicho kilichommaliza. Wivine angekuwa mrembo, wivu ungepata pa kushika, ungesema ni uzuri, uzuri utachuja. Kumbe alikuwa mama wa makamo anayejua kushona, na Sulaiti alimwachia koti lake.

Wivine hakuona chochote. Aliangaza huku na huku, akasogeza gunia la mihogo, akafunua kifuniko cha sanduku lililofukiwa nusu ardhini. Vitenge vilikuwa vimejaa humo hadi juu. "Tazama hii," alinong'ona, akavuta kimoja chenye rangi ya zambarau. "Hii haitoki kwa Sulaiti. Hii ni ya miye kwako."

"Siku nyingine," alisema Mayimuna, akasimama.

"Basi nakuwekea. Nasikia haya kukuachilia uende na mikono mitupu, mama."

Alitembea mpaka mwisho wa soko, mahali wanajeshi walipofunga kamba barabarani. Hakuwa anatazama anakokwenda. Afande aliyekuwa ameketi kwenye pipa la mafuta alimwona kwa mbali, maana kitenge cha manjano kilikuwa kinang'aa kweli.

"Wewe, mama. Simama. Hii nguo iko natoka wapi?"

Angeweza kusema mume wangu alininunulia. Angeweza kusema ya zamani, ya harusi. Afande alikuwa amechoka na joto, angemkaripia kidogo amwache, kwani wanawake wangapi walipita pale wakajitetea hivyo. Mayimuna hakuogopa. Hilo ndilo baadaye lililomsumbua.

"Kwa Mkongo mmoja," alisema. "Anaitwa Wivine. Ana rozari. Sanduku liko chini ya gunia la mihogo, limefukiwa, mkisogeza gunia mtaliona."

Afande alikuwa ameuliza nguo tu. Hayo mengine Mayimuna aliyatoa bure.

Walimleta Wivine katikati ya soko, wakamlaza kifudifudi kwenye vumbi. Mayimuna alikuwa ameachiwa, amekwisha panda lori la Abdu, akaona yote kutoka juu. Afande alisimama na kiboko cha ngozi, akaita watu wasogee. "Nyinyi yote angalia. Hii iko somo. Leo kiboko. Kesho mtu akifanya magendo, naona kaburi. Nasikia?" Watu wakasema ndiyo, afande. Pigo la kwanza lilipotua, Mayimuna alisikia utamu, nisikufiche, utamu wa kweli, ulimteremka kooni kama maji baridi. Lije jingine, alisema moyoni. Likaja. Kisha likaja jingine, na mengine, na Wivine akaanza kumwita mama yake kwa Kinande, lugha ya kwao, na utamu ukaisha wala haukuaga. Mayimuna akaangalia pembeni.

Na pembeni ndiko alikoona jambo la ajabu. Wakati soko zima limesogea kutazama na kamba barabarani haina mtu, vijana walikuwa wanateremka mtoni mbiombio na magunia ya kahawa kichwani, wanavuka kwenda Kongo, wanarudi mikono mitupu, wanabeba tena. Hata Abdu aliwaona.

"Wale hawaogopi?" Mayimuna aliuliza.

"Waogope nini, shemeji? Leo ndiyo nafasi." Abdu aliwasha gari. "Hata huyo afande, vile vitenge alivyochukua, utaviona Kasese kabla ya Jumapili."

Karibu na Kinyamaseke walipishana na Bedford ya kijani. Sulaiti alimpigia Abdu honi, akainua mkono, anacheka. Hakumwona mkewe. Mayimuna angeweza kumwambia Abdu asimame, akateremka, akamzuia njiani kwa uongo wowote. Aliliangalia lori la mumewe likipungua kwenye kioo mpaka vumbi likalifunika.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani anapepeta mchele aliposikia kikohozi cha Bedford. Sulaiti hakupiga mluzi. Alizunguka nyuma ya lori, akafungua ubao, akapanda juu ya magunia ya maharage, na alipoteremka alikuwa amembeba Wivine mikononi, kifudifudi, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Akapita naye kwenye mlango wa mbele. Mchana kweupe, Saudah amesimama ukutani mdomo wazi.

"Sina kitenge leo," Sulaiti alisema alipompita mkewe. "Kule Bwera wanajeshi bado wanamzungukia, sikuwa na pengine pa kumpeleka. Chemsha maji, mama. Tia chumvi."

Alimlaza kwenye kitanda chao. Alipiga magoti pembeni, akamshika mkono, akalia. Mayimuna alikuwa hajawahi kumwona mtu huyu akilia, hata walipomzika mtoto wao wa pili alitazama chini tu. Alisimama mlangoni na sufuria, mvuke unampiga usoni, akaona mgongo wa Wivine ulivyochanika, akaona na vidole vya mumewe vinavyofukuza nzi juu ya mgongo ule, vidole vizito vya dereva, vimekuwa vyepesi. Na unajua aliona wivu wa nini? Aliona wivu wa yale majeraha. Alikuwa tayari kuvua gauni alale pale mwenyewe, achapwe yeye, mradi vidole vile vimfukuzie nzi.

"Kama Haji anataka faini," alisema Sulaiti bila kugeuka, "aseme. Ng'ombe, gari, chochote. Huyu namwoa. Wamempiga kwa sababu ya vitenge nilivyokuwa nakuletea wewe, na mimi sitamwacha barabarani."

Hakusema kwa ukali. Mlango ambao Mayimuna aliusukuma kwa mabega yake miaka yote usifunguke ulikuwa umefunguka wazi, na aliyeufungua ni yeye mwenyewe.

Sulaiti alitoka kutafuta dawa. Hapakuwa na bandeji dukani, mwaka ule hapakuwa na kitu dukani. Mayimuna alivuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa kitenge cha juu, akauma pindo kwa meno, akapasua. Alipasua cha ndege, akapasua cha macho makubwa. Aliosha mgongo kwa maji ya chumvi, Wivine anauma mto, kisha akamfunga.

"Ile usipasue," Wivine alisema, ameona kwa pembe ya jicho. "Ile ya maua. Ile ndiyo ya kwanza nilikuchagulia."

Mayimuna akairudisha sandukuni.

"Mutu alinisema," Wivine aliendelea, uso ndani ya mto. "Alijua sanduku iko wapi. Sijui ni jirani gani. Miye sikukosana na mutu."

"Ukipona, utaacha?" Mayimuna aliuliza haraka. "Biashara hiyo. Walisema mara ya pili ni kaburi."

"Batoto yangu beko Butembo na mama yangu. Nikiacha, banakula nini? Nitaogopa, mama. Nitaenda tu hivyo hivyo, na woga yangu."

Mayimuna alikwenda Muhokya siku iliyofuata. Haji Semakula alikuwa anakata paja. Safari hii yeye ndiye aliyeketi kwenye benchi la washtakiwa, na nzi wakamzunguka, na akaeleza yote: chai, kiraka, gunia la mihogo, afande, utamu ule kooni. Hakuficha kitu. Alipomaliza alisubiri.

"Sasa kosa liko wapi?" alisema Haji. "Afande alikuuliza, ukasema kweli. Ungemdanganya ingekuwaje? Tena umefanya vizuri. Sasa watakoma, yeye na mumeo."

"Anamwoa, Haji."

"Anamwoa?" Kisu kikasimama. Kisha Haji akatikisa kichwa. "Basi hilo ni la sheria. Hana kosa tena, siwezi kumtoza mtu kwa kulala kwa mke wake."

"Mimi nitoze, baba mdogo. Mimi."

"Nikutoze kwa lipi, mwanangu? Nenda nyumbani ukapumzike."

Akamfungia kipande cha maini kwenye jani la mgomba, cha kumpa pole. Mayimuna alirudi Kasese amekipakata, na ndipo alipomwelewa Sulaiti, akamwonea wivu mpya. Kwani Sulaiti, kila alipokosa, alipata pa kulipia. Aliweka kitenge mezani akafuta mdomo, yakaisha. Mayimuna alikuwa tayari kutoa sanduku zima na nyumba juu yake, na hapakuwa na mtu wa kupokea. Kumwambia Wivine? Mara ngapi alifungua mdomo, na kila alipofungua aliona tena vile vidole juu ya mgongo, akaufunga. Nisiseme uongo: wivu ulikuwa bado uko pale pale.

Wivine alipona. Haji mwenyewe alisimamia ndoa, bibi harusi na rozari yake shingoni, na soko la Ijumaa lililofuata akarudi kwenye kibanda chake, na chini ya mihogo mlikuwa na sanduku jipya. Afande yule alikuwa amehamishwa. Aliyekuja badala yake alichapa wengine, na kahawa ikavuka.

Sulaiti alilala Bwera kila Ijumaa, kwa haki yake, bila kujificha na bila kuleta kitu. Wanawake wa bombani walingoja, wakaona Mayimuna anavaa vya zamani, wakachoka kukonyezana. Hata Saudah alipoa. Lakini asubuhi moja Sulaiti alirudi na kifurushi chini ya kwapa, akakiweka mezani pale pale, karibu na chai.

"Wivine amekupa," alisema. "Anasema ni asante, ulimwosha mgongo."

Kilikuwa cha zambarau.

Mayimuna alikaa nacho siku nzima. Alfajiri ya Ijumaa iliyofuata akakivaa, akajifunga vizuri, akaenda bombani, na akaendelea kukivaa kila Ijumaa tangu hapo, hicho tu, mpaka rangi ikaanza kufifia. Saudah alimtazama juu mpaka chini siku ile ya kwanza, akafurahi kwamba mambo yamerudi.

"Ee, Mama Muhamood. Nilidhani faini zimekwisha. Na faini hii ni ya nani tena?"

"Yangu mimi," alisema Mayimuna.

Saudah akacheka sana, akaigeuza kuwa mzaha wa mtaa mzima. Mayimuna alijitwika ndoo yake, akarudi nyumbani kupika chakula cha Ijumaa, ambacho Sulaiti hangekuwepo kukila.